Kiungo cha Taarifa: Jinsi Ndege za Kivita Zinavyopashana Habari

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Asubuhi ya tarehe 14 Aprili, 1994, helikopta mbili za Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, aina ya Black Hawk, zilikuwa zikipita katika mabonde ya kaskazini ya Iraki. Ndani yake walikuwamo watu 26: Wamarekani 15, Wakurdi 5, Waturuki 3, Waingereza 2 na Mfaransa 1. Wote walikuwa wa upande mmoja, katika kazi moja ya kuwalinda Wakurdi waliokuwa wakiteswa na serikali ya Baghdad. Mbali kidogo angani ilikuwa ikizunguka ndege ya rada aina ya E-3, ijulikanayo zaidi kwa jina la AWACS, ambayo imeundwa kwa ajili ya kuona kila kirukacho na kuwaambia wengine. Karibu saa nne na nusu, ndege mbili za kivita aina ya F-15, nazo za Marekani, zikazinasa helikopta hizo kwenye rada zao. Zikazikaribia. Marubani wakaziangalia kwa macho yao, wakasema ni helikopta za Iraki zilizotengenezwa Urusi, wakazipiga, kila rubani yake, kila moja kwa kombora moja. Hakusalimika hata mtu mmoja.

Msiba huo umechunguzwa na kuandikwa kuliko misiba mingi ya namna yake. Sisi twaurudia hapa kwa sababu habari iliyohitajika ili kuwaokoa watu wale 26 ilikuwapo, tena si mbali. Ilikuwamo ndani ya AWACS. Afisa mmoja wa ndege hiyo alikuwa amezungumza na helikopta hizo kwa redio, na alama yao ilikuwa imeandikwa kwenye kioo chake. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa habari hiyo kwenye kioo kile na kuifikisha machoni mwa rubani wa F-15 kabla hajabonyeza kitufe.

Tazama jinsi milango ilivyofungwa mmoja baada ya mwingine. Helikopta zilikuwa zikisikiliza mawimbi ya redio ya safari za kutoka Uturuki, ilhali ndege za kivita zilikuwa kwenye mawimbi ya eneo la ulinzi. Tena redio za F-15 zilikuwa za aina mpya ya kukwepa kuzuiwa na adui, nazo za helikopta hazikuwa na uwezo huo. Mtambo wa helikopta wa kujitambulisha kwa rafiki uliwekwa namba iliyotumika upande wa Uturuki, na upande wa Iraki namba ilikuwa nyingine. Milima ikaficha alama yao kwenye rada ya AWACS. Kiongozi wa F-15 alipouliza kwa redio kuhusu alichokiona, akajibiwa kwanza kwamba hapaonekani kitu, na baadaye kwamba kuna kitu. Hapana aliyemwambia kitu hicho ni cha nani. Katika mambo yote haya hapakuwa na risasi hata moja ya adui. Afisa mmoja tu wa ndege ile ya rada ndiye aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, naye akaachiliwa mwaka 1995.

Mtambo ambao ungeweza kuifungua milango hiyo ulikwisha kuundwa wakati huo, na ndege chache za F-15 nchini Marekani zilikwisha kufungiwa. Wataalamu huuita kiungo cha taarifa. Kazi yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache: kompyuta ya ndege moja huzungumza na kompyuta za ndege nyingine, za meli na za vituo vya nchi kavu, bila kupitia mdomo wa mtu, hata kila mmoja akaona kwenye kioo chake picha ile ile wanayoiona wenzake.

MZIGO WA MANENO

Askari yeyote aliyewahi kushika redio porini anajua taabu ya mawimbi ya pamoja. Akisema mmoja, wengine wote hunyamaza. Wakisema wawili kwa wakati mmoja, haisikiki sauti ya yeyote. Sasa chukua taabu hiyo uipandishe angani. Mwelekezaji aliyeketi mbele ya rada anamwambia rubani: ndege mbili, kutoka alama fulani, digrii 90, maili 40, kimo futi 20,000, zaelekea magharibi. Rubani anayasikia maneno hayo katikati ya kishindo cha injini, ana kifuniko cha hewa usoni, naye hana budi kuyageuza yawe ramani ndani ya kichwa chake, kisha ajiweke mwenyewe mahali pake katika ramani hiyo. Kama makundi ya adui ni manne, maneno hayo hurudiwa mara nne. Ndege mbili zinazoelekeana, kila moja kwa mwendo wa kilometa 900 kwa saa, hukaribiana kilometa 30 kwa kila dakika moja. Mwelekezaji akimaliza kulieleza kundi la nne, habari za kundi la kwanza zimekwisha kuchakaa.

Waingereza waliuonja uchungu wa jambo hili mapema mno. Siku tatu tu baada ya kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, yaani tarehe 6 Septemba, 1939, ndege zao aina ya Spitfire zilizishambulia ndege zao wenyewe aina ya Hurricane, zikaangusha mbili. Rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, akafa. Ndiye rubani wa kwanza wa kivita wa Uingereza kuuawa katika vita hivyo, na aliuawa na wenzake.

ZAMU YA SEKUNDE KUMI NA NNE

Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoleta ndege zao kwa mamia juu ya Uingereza, Kamanda wa ndege za kivita za Uingereza, Hugh Dowding, alikuwa amekamilisha mpango ambao wengi hukosea wakidhani ulikuwa rada peke yake. Rada Wajerumani pia walikuwa nayo. Ubora wa Dowding ulikuwa katika njia ya habari. Vituo vya rada vya pwani na walinzi wenye darubini walipiga simu katika makao makuu ya Bentley Priory. Huko habari zilichujwa, kisha zikashushwa katika vyumba vya uongozi vya chini, ambako wasichana wa jeshi la anga walisogeza vibao juu ya meza yenye ramani kwa fimbo ndefu. Saa ya ukutani ilipakwa rangi tatu, nyekundu, manjano na buluu, kila rangi dakika tano, na kila kibao kilikuwa na rangi ya dakika kilipowekwa. Kamanda akitupa jicho mara moja alijua habari ipi ni mbichi na ipi imechacha.

Lakini kibao cha adui bila kibao cha rafiki ni nusu ya habari. Ili kujua ndege zao zenyewe zilipo, Waingereza walifunga ndani ya redio za baadhi ya ndege za kivita kifaa kilichorusha mlio peke yake kwa sekunde 14 katika kila dakika. Vituo vitatu vya chini viliusikiliza mlio huo, kila kimoja kikachora mstari wa upande ulikotoka, na mistari ilipokutana ndipo ndege ilipokuwa. Vikosi vinne viligawana dakika moja: hiki robo ya kwanza, kile robo ya pili, na kuendelea hivyo hata dakika ikaisha. Wakati wa zamu ya mlio, rubani hakuweza kusema kwa redio hiyo.

Msomaji na aishike vema zamu hiyo ya sekunde 14, maana mtambo mkubwa wa leo ni mtoto wa fikira ile ile.

Baada ya vita, kompyuta zikaingia. Wamarekani walijenga mpango mkubwa wa ulinzi wa anga ulioanza kazi mwaka 1958, ambamo kompyuta zenye ukubwa wa nyumba zilituma amri moja kwa moja ndani ya ndege za kivita. Warusi nao walifanya jambo la namna hiyo, na baadaye wakaunda ndege ya MiG-31 ambayo nne zake huweza kugawana habari za rada zao zikilinda upana mkubwa wa anga. Lakini kwa maoni yangu wanaostahili kutazamwa zaidi na majeshi madogo ni Waswidi. Nchi yao si kubwa kwa watu, haikuwa katika mkataba wa kijeshi wakati huo, na ilijua wazi kwamba vita vikianza redio zake zitazibwa kwa makelele ya adui. Kwa hiyo tangu miaka ya 1960 ndege zao aina ya Draken zilipokea maelekezo kutoka chini kwa tarakimu badala ya sauti. Katika miaka ya 1980 ndege za Viggen zikaanza kupashana habari zenyewe kwa zenyewe. Ndege moja ilikaa nyuma na rada yake ikiwaka, na mwenzake akajongea mbele akiwa kimya kabisa, rada imezimwa, akimwona adui kwa macho ya yule aliye nyuma.

Wanajeshi wa Afrika Kusini, waliponunua ndege za Gripen kutoka Uswidi, waliziunganisha na kiungo chao wenyewe kilichobuniwa nchini mwao, kiitwacho Link ZA. Jambo hilo si la kupuuzwa. Anayetegemea kiungo cha mwingine hutegemea pia ufunguo wa mwingine.

GWARIDE LA TARAKIMU

Kiungo kinachotumiwa zaidi leo na Marekani na washirika wake huitwa Link 16, nacho kilianza kubuniwa katika miaka ya 1970. Kabla yake kilikuwapo Link 11, ambacho kilifanya kazi kama kuita majina kwenye gwaride. Kituo kimoja kikuu kiliwaita wenzake mmoja mmoja, kila aliyeitwa akatoa habari zake na kunyamaza. Walipokuwa wengi, mzunguko ulichukua muda mrefu. Tena mwita majina akipigwa, gwaride lote lilikuwa limekwisha hadi apatikane mwingine wa kushika daftari.

Katika Link 16 hapana mwita majina. Kila mtambo una saa iliyolinganishwa kwa usahihi mkubwa na saa za wenzake. Sekunde moja hukatwa vipande 128, na kila kipande ni zamu ya mtu fulani, iliyopangwa kabla ndege hazijaondoka uwanjani. Zamu yako ikifika, mtambo wako husema. Isipokuwa yako, husikiliza. Katika sekunde 12 kuna zamu 1,536, na ndege ikianguka au meli ikizama, zamu yake hukaa tupu na wengine huendelea bila kutetereka. Utaona ya kwamba ni ile dakika ya Waingereza iliyogawanywa mara nne, ila mkataji amepata kisu kikali zaidi.

Adui akitaka kuusikiliza mtandao huo, au kuuziba kwa makelele, hukuta kazi ngumu. Mtambo haukai juu ya wimbi moja. Huruka kutoka wimbi moja hadi jingine kati ya mawimbi 51, kila baada ya mikrosekunde 13, yaani zaidi ya mara 70,000 kwa sekunde, kwa mpangilio unaoonekana kama wa ovyo kwa asiye na ufunguo wa siri. Ufunguo huo hubadilishwa, na asiyepewa ufunguo wa siku hiyo hata awe mwananchi mwaminifu namna gani ni mgeni mlangoni. Upo pia upungufu wa maumbile: mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka kama jicho. Ndege mbili zilizo juu sana zaweza kusikilizana kwa mamia ya maili, lakini mlima ukiingia kati, hapana habari, isipokuwa ndege ya tatu ikae juu ipokee na kurusha tena. Kadhalika mawimbi hayo yamo katika eneo lile lile ambalo ndege za abiria hulitumia kupimia umbali wao hadi uwanjani, ndiyo maana hata majeshi yanayomiliki mtambo huu hayaruhusiwi kuutumia wakati wa amani bila kufuata masharti ya wenye usafiri wa raia.

Habari zenyewe si maneno. Ni ujumbe mfupi wa aina zilizokubaliwa. Wa kwanza kwa umuhimu ni ule ambao kila mmoja hujitangaza: mimi ni fulani, nipo hapa, kimo changu ni hiki, naelekea kule. Baada yake huja habari za shabaha zilizoonekana, amri za kamanda, na hali ya mafuta na silaha zilizobaki. Rubani hapigi kelele wala haulizi. Hutazama kioo, akawaona wenzake kwa alama moja, adui kwa alama nyingine, na wasiojulikana kwa alama ya tatu.

Faida yake imepimwa. Katika miaka ya 1990 Jeshi la Anga la Marekani lilifanya majaribio ya muda mrefu kwa ndege za F-15, yenye safari zaidi ya 12,000 za mazoezi ya mapambano ya angani. Ndege zilizopigana kwa sauti peke yake ziliangusha, kwa hesabu ya mazoezi, ndege tatu hivi za upinzani kwa kila moja iliyopotea mchana. Zilipopewa kiungo cha taarifa, uwiano ukapanda hadi nane kwa moja, na usiku hadi zaidi ya tisa. Ndege zilikuwa zile zile. Rada zilikuwa zile zile, na makombora pia. Kilichoongezwa ni kujua.

Yafaa kusema hapa kwamba hesabu za mazoezini haziwi za vitani moja kwa moja, kwa kuwa mazoezini hapana afaye. Lakini ongezeko la zaidi ya mara mbili si jambo la bahati.

NAMBA ILIYOBADILIKA

Hata hivyo ndugu msomaji asidhani kwamba akiisha kufungiwa kioo hicho amefunga na kosa. Tarehe 3 Julai, 1988, manowari ya Marekani iitwayo Vincennes ilikuwa katika Ghuba, ikipigana na mashua za Iran, wakati ndege ya abiria ya Iran aina ya Airbus iliporuka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Dakika saba hivi baada ya kuruka ilipigwa kwa makombora ya manowari hiyo. Walikufa watu 290, na kati yao watoto 66.

Vincennes ilikuwa imeunganishwa na manowari nyingine kwa Link 11. Ilipoiona ndege ile mara ya kwanza iliipa namba 4474. Manowari nyingine, Sides, iliiona ndege hiyo hiyo na kuipa namba 4131. Kompyuta zikatambua kwamba ni kitu kimoja, zikakubaliana juu ya namba moja, na namba ikawa 4131. Hiyo ni kazi njema, ndiyo iliyokusudiwa, kwani kitu kimoja kikiwa na namba mbili huhesabiwa kuwa viwili. Lakini namba 4474, ikiwa sasa haina mwenyewe, ikapewa ndege nyingine ya kijeshi ya Marekani iliyokuwa mbali sana, nayo ilikuwa ikishuka. Waliochambua mkasa huu baadaye wameonyesha uwezekano wa kwamba katika ile pilikapilika ya chumba cha vita nahodha aliuliza habari za 4474, naye akajibiwa ukweli mtupu: inashuka. Ndege inayoshuka kuelekea manowari ni ndege inayoshambulia. Ndege ya abiria yenyewe ilikuwa ikipanda, kama kumbukumbu za kompyuta ya manowari hiyo hiyo zilivyothibitisha baadaye.

Yapo makosa mengine mengi yaliyofanyika siku ile, na haitakuwa haki kuitupia namba moja lawama yote. Lakini mkasa wa namba hiyo unatufunza tabia ya mitambo hii kuliko kitabu kizima. Kompyuta hazikusema uongo. Zilibadilisha jina la kitu, na watu hawakupata habari kwamba jina limebadilika. Kwa sababu hiyo sheria za viungo vya taarifa leo ni kali juu ya nani ana haki ya kutangaza shabaha: anayeiona vizuri zaidi ndiye anayeripoti, wengine hunyamaza hata kama nao wanaiona, ili kitu kimoja kisizae vivuli vitatu. Na kila chumba cha uongozi huwa na mtu ambaye kazi yake ni kuilinda picha hiyo isichafuke. Kazi hiyo haina sifa wala nishani, na wengi huikimbia.

ALIYE NJE YA MTANDAO

Tarehe 23 Machi, 2003, ndege ya Uingereza aina ya Tornado ilikuwa ikirejea Kuwait kutoka Iraki ikiwa na wanaanga wawili. Kikosi cha makombora ya Patriot cha Marekani kikaiona, kompyuta yake ikaihesabu kuwa kombora la adui linaloelekea kwenye rada, nacho kikaipiga. Wote wawili wakafa. Bodi ya uchunguzi ya Uingereza, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2004, ilikuta ya kwamba mtambo wa Tornado wa kujitambulisha haukuwa ukifanya kazi. Ilikuta pia kwamba vigezo vya kompyuta ya Patriot vya kutambua kombora vilikuwa vipana mno. Halafu ikataja jambo la tatu, ambalo halina ufundi mkubwa ndani yake: vifaa vya mawasiliano vya kikosi kile vilikuwa bado njiani kutoka Marekani. Kikosi hakikuwa na picha pana ya anga waliyokuwa nayo wengine. Kilikuwa na rada yake, saa yake, na muda wa dakika moja hivi wa kuamua.

Siku kumi baadaye, tarehe 2 Aprili, kombora jingine la Patriot likaiangusha ndege ya Jeshi la Majini la Marekani aina ya F/A-18, na rubani wake akafa.

Linganisha na yale ya mwaka 1994. Katika Iraki ya kaskazini waliokuwa nje ya mtandao walikuwa helikopta, nao wakauawa. Katika Kuwait aliyekuwa nje alikuwa mwenye kombora, naye akaua. Mtandao wa kisasa unapoenea kwa ndege 100 na kumwacha mmoja, huyo mmoja huwa katika hatari kubwa kuliko zamani, kwa sababu wale 100 wamezoea kwamba kila rafiki huonekana kwenye kioo. Asiyeonekana hudhaniwa kuwa adui. Jambo hili lawahusu hata wasiopanda ndege kamwe. Doria ya polisi iliyobadilishiwa njia bila kituo jirani kuambiwa, au kikosi cha jeshi kilichoingia eneo la kikosi kingine kwa mawimbi tofauti ya redio, kimo katika hali ile ile ya helikopta zile mbili, ila tu makombora ni madogo.

Tarehe 5 Desemba, 2001, huko Afghanistan, kaskazini ya mji wa Kandahar, askari wa Marekani wa kuelekeza ndege alikuwa akitumia kifaa cha mkononi kupima mahali pa shabaha kwa satelaiti. Betri ikaisha, akatia nyingine. Kifaa kilipowaka tena hakikuonyesha mahali pa shabaha. Kilionyesha mahali kilipokuwa chenyewe, kwani ndivyo kilivyoundwa. Tarakimu hizo zikatumwa kwa ndege aina ya B-52, nalo bomu la ratili 2,000 likaanguka kwa usahihi mkubwa mahali lilipoagizwa. Wakafa askari 3 wa Marekani na wenzao kadhaa wa Afghanistan. Hamid Karzai, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ateuliwe kuongoza serikali ya muda, alikuwa karibu na hapo, akajeruhiwa kidogo.

Tangu wakati huo vifaa vimeendelea sana. Mtambo wa Link 16 ambao zamani ulijaza kabati zima ndani ya ndege sasa umepunguzwa hata ukaweza kushikwa mkononi, na askari wa miguu wa kuelekeza ndege huingia katika mtandao ule ule wa marubani, akaonekana alipo kwenye vioo vyao, naye akaziona ndege kwenye kioo chake kabla hajazisikia mngurumo. Alama ya shabaha aliyoiweka yeye huonekana papo hapo machoni mwa rubani bila neno kusemwa. Lakini majeshi yenye mitambo hiyo hayakuifuta kanuni ya zamani. Kabla ya kuruhusiwa kuachia silaha karibu na askari wake, rubani hufungua redio na kumsomea mwelekezaji wa chini, tarakimu kwa tarakimu, kimo cha shabaha na mahali ilipo, akizisoma kutoka ndani ya kompyuta ya silaha yenyewe. Mwelekezaji naye huzilinganisha na ramani iliyo mkononi mwake, kisha ndipo hutoa ruhusa.